Mwimbie mwenyewe, simu iweke kabatini

Wapendwa wasomaji, mwezi huu maswali yaliyonifikia karibu yote ni ya muziki na watoto wadogo. Nimefundisha chekechea miaka 19 kwa hiyo haya mambo yananigusa sana, mnivumilie nikirefusha. Nimechukua maswali sita, mengine yanabaki hapa kwangu sijayatupa.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minane, muziki anaupenda balaa. Asubuhi namuwekea katuni za nyimbo kwenye simu ili nipike na kufua, jioni tena hivyo hivyo, yaani bando la wiki linaisha siku tatu. Zile nyimbo za Kiingereza anaimba mwanzo mwisho lakini akitaka maji hasemi, ananivuta gauni mpaka kwenye ndoo. Mama mkwe anasema niache tu ataongea. Nikizima simu analia mpaka anatapika. Nifanyeje? (Mama wa Binti Mmoja, Tabata)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole, maana najua hiyo simu hujampa kwa kupenda, kazi za nyumbani hazina mtu mwingine wa kuzifanya.

Kabla ya yote mpeleke hospitali akapimwe masikio. Mtoto anayekaribia miaka mitatu tunategemea awe anaunga maneno mawili matatu, "mama maji", "baba kaenda", kama bado usimsubirie na usikubali kuambiwa ni uvivu. Kuna watoto wanaugua masikio mara kwa mara, ndani kunajaa majimaji, wanasikia kama mtu aliyezama kwenye pipa, na mzazi hajui.

Sasa turudi kwenye simu. Huyo binti anavyoimba zile nyimbo anarudia sauti tu, kama sisi tulivyokuwa tunaimba nyimbo za Kilingala bila kujua zinasema nini. Tatizo la simu ni kwamba haimsubiri mtoto. Wewe ukimuuliza "unataka nini?" unanyamaza, unamwangalia, na kwenye kile kimya cha sekunde tatu nne ndio mtoto anatafuta neno. Simu haina hicho kimya, inapita tu, akijibu asipojibu wimbo unaendelea. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wake, kwamba mtoto wa mwaka mmoja kushuka chini asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ndio vizuri zaidi.

Usimkatie ghafla. Anza na ya asubuhi. Chukua wimbo ule ule anaoupenda, uimbe wewe, ukifika neno la mwisho la mstari nyamaza umtolee macho na usimsaidie. Siku ya kwanza atakushangaa, ya pili atacheka, wiki ijayo atalitoa lile neno mwenyewe. Alafu badilisha maneno uweke ya Kiswahili ya vitu vilivyo mbele yake.

Na wakati wa kuogesha ndio darasa lenyewe. Mimi nilikuwa naimba hivi na dodoki mkononi, mahadhi yoyote tu yanayokuja:

Mguu uko wapi? Huu hapa, huu hapa!
Sikio liko wapi? Hili hapa, hili hapa!
Pua iko wapi? Hii hapa, hii hapa!
Kidole kiko wapi? Hiki hapa, hiki hapa!
Macho yako wapi? Haya hapa, haya hapa!

Ona kilichofanyika hapo. Huu, hili, hii, hiki, haya, ngeli zote hizo ambazo watu wazima wanazifeli kwenye mtihani, mtoto anazimeza akiwa na sabuni kichwani na hakuna aliyemwambia anajifunza. Imba kila siku, wimbo huo huo, watoto hawachoki kurudia, tunaochoka ni sisi. Na ukiwa unafua muweke karibu na beseni umpe soksi zake azifue naye huku mnaimba. Kufua kutachelewa kidogo, hilo sikufichi.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu, yuko nursery ya English medium hapa Arusha, ada ninayolipa namwachia Mungu. ABC anaiimba yote, wageni wakija tunamwambia aimbe wanapiga makofi. Juzi nikamuonyesha herufi G kwenye mfuko wa unga hakuijua, nikamuonyesha na nyingine, hakuna anayoijua. Shule wanasema yuko vizuri. Je nimeibiwa? (Mzazi, Arusha)

JIBU: Hujaibiwa kaka, au dada, hukusema. Mwanao anaujua wimbo, herufi bado hazijui, na hivi ni vitu viwili tofauti kabisa. Msikilize vizuri akifika pale katikati kwenye L M N O P, utasikia anatoa kitu kimoja kirefu, "elemenopi", watoto wengi sana wanadhani hilo ni jina la herufi moja. Wimbo unawabeba kama daladala, hawajui wamepita vituo gani.

Usiuache wimbo ila uuvunje. Chukua herufi tatu nne tu, ziandike kubwa na chaki sakafuni au uani, muimbe polepole na kila herufi anairukia na miguu miwili. Hakuna kuruka bila kutaja. Mkifika kwenye ile asiyoijua anasimama hapo hapo, mnaiita mara tano kwa mahadhi tofauti, nzito ya babu, nyembamba ya kuku, ya kunong'ona, alafu mnaendelea. Kesho anzeni katikati badala ya mwanzo, maana mtoto aliyekariri ukimwambia aanzie G lazima arudi A kimoyomoyo apande mpaka hapo.

Kuna jambo jingine wazazi wa English medium hawaambiwi na linanisumbua moyo. Majina ya herufi kwa Kiingereza yanagongana na sauti zetu. Wao E wanaiita "ii", I wanaiita "ai", A wanaiita "ei". Sasa mtoto aliyekunywa hayo majina ukimwambia aandike kiti anasikia "ii", anaweka E, inatoka "kete". Nimeiona hiyo kete kwenye madaftari, na mtoto kachapwa, wakati alikuwa anafikiri vizuri kabisa kwa alichofundishwa. Kwa hiyo nyumbani imbeni irabu zetu tano, a e i o u, kila siku, alafu mziunganishe, ma me mi mo mu, ba be bi bo bu, kwa makofi. Hazitaharibu Kiingereza chake hata kidogo, mwambie tu huu ni wimbo wa shule na huu ni wimbo wa nyumbani, watoto wanajua kutenganisha.

Na makofi ndio silaha kubwa ya Kiswahili, sijui kwa nini hatuitumii. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, zinasikika moja moja kama nazi zinazodondoka. Anza na majina ya watu wa nyumbani, Ba-ra-ka makofi matatu, Re-he-ma matatu, bi-bi mawili. Wakishazoea walete kwenye mitego. Mtoto ni makofi mangapi? Wengi watakupigia mawili, to-to, kumbe ni matatu, m-to-to, ile m inasimama peke yake. Na ndio maana darasa la kwanza utakuta kimeandikwa "toto anacheza", m ameimeza kwa sababu hajawahi kuisikia kama kofi. Alafu mpe mbu, m-bu, makofi mawili. Mpe mbuzi, mbu-zi, mawili pia, hapo m imeshikana na b haina kofi lake. Nchi, n-chi. Ndizi, ndi-zi. Nimewahi kumaliza kipindi kizima na mbu na mbuzi tu, watoto wanabishana, wanapiga makofi, wanarudia, mmoja akaenda kubishana na mama yake nyumbani. Huyo ukimfikisha kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kusoma kwake kunakuwa rahisi, masikio yameshafanya nusu ya kazi.

Kuhesabu pia ni hivyo hivyo, akiimba moja mpaka kumi mtume vijiko vitatu jikoni uone anarudi na vingapi. Akirudi na konzi nzima basi mhesabu vijiko huku mnaimba, kijiko kimoja neno moja.

SWALI: Salaam Mwalimu. Niko Kisauni, ni baba mpya, mtoto wetu ana miezi saba. Kuna jamaa kazini ameniambia nimpigie Mozart akilala ati ndio atakuwa na akili, nimeshadaunilodi masaa matatu. Mke wangu anasema nimwimbie mwenyewe lakini mimi sauti yangu si nzuri, naona haya. Lipi bora? (Baba wa Kisauni, Mombasa)

JIBU: Hongera sana baba, na mke wako yuko sawa.

Hiyo habari ya Mozart ina mwanzo wake. Mwaka 1993 watafiti wa chuo kikuu kule Irvine, California, waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima hao, hakukuwa na mtoto mchanga hata mmoja, wakawasikilizisha Mozart dakika kumi alafu wakawapa mtihani wa kuwaza karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakuwaje ikifunguliwa. Walifanya vizuri kidogo kuliko walipokaa kimya, na ile faida ikaisha ndani ya dakika 10 mpaka 15. Basi. Hapo watu wakaikuza mpaka mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, akaomba pesa za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa apewe kanda ya muziki wa aina hiyo. Mozart sina ugomvi naye, ni muziki mzuri, msikilize wewe ukirudi kazini umechoka, lakini akili ya mtoto haimwagiwi masikioni akiwa amelala.

Ninachotaka ukijue ni kingine. Mwaka 2016 watafiti wa Montreal, Kanada, walichukua watoto wa miezi sita mpaka tisa, umri wa wako, wakawasikilizisha sauti ya mtu anaongea na sauti ya mtu anaimba, wakapima watakaa muda gani kabla hawajaanza kununa na kulia. Kwa kuongeleshwa walikaa kama dakika nne. Kwa kuimbiwa walikaa kama dakika tisa. Na nyimbo zenyewe zilikuwa za Kituruki ambacho kwao hakizungumzwi, na ilikuwa rekodi ya mtu wasiyemjua. Sasa fikiria sauti ya baba yake, ambayo ameanza kuisikia tangu yuko tumboni miezi ile ya mwisho.

Mtoto wa miezi saba hana kipimo cha sauti nzuri na mbaya. Anachofuata ni mapigo, na uso wako, na ile mitetemo kifuani ukimlaza hapo. Kwa hiyo mlaze kifuani, mpigepige mgongoni taratibu kwa mapigo ya moyo wako, ukose maneno basi vuma tu, mmm mmm. Muulize mama yako alikubembeleza na wimbo gani, kama ni wa Kidigo au Kigiriama au wa kwenu kokote ujifunze huo, maana ukiachwa kwa mama yako utaondoka naye. Haya ikikushika anza usiku wakati mke amelala. Hizo saa tatu ulizodaunilodi futa upate nafasi ya kurekodi wimbo wa mama.

SWALI: Mwalimu naomba jibu fupi, mtaani kwetu shughuli haziishi, sabufa mpaka madirisha yanatetemeka, na mtoto wangu wa miezi minne analala tu fofofo hapo hapo. Kwa hiyo haina shida? (Mama Mchanga, Mwanza)

JIBU: Ina shida, mtoto kulala sio ushahidi kwamba masikio hayaumii. Kipimo rahisi ni hiki, kama mtu aliye urefu wa mkono mmoja kutoka kwako inabidi apaze sauti umsikie, hapo ni kelele mno kwa mtoto, msogeze mbali na spika, nyumba ya tatu ya nne huko, au muondoke mapema. Kilichoharibika ndani ya sikio kwa kelele hakirudi mwanangu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu mwenzangu. Nafundisha darasa la awali shule ya msingi huku Kasulu, watoto 73 mimi peke yangu, vifaa hamna, ngoma hamna, redio hamna. Wakianza kugombana sauti yangu haifiki nyuma. Nyimbo tunaimba lakini zinaishia kuwa fujo. Nisaidie. (Mwalimu wa Awali, Kigoma)

JIBU: Marahaba mwalimu. Sabini na tatu. Nimekaa nayo hiyo namba siku mbili kabla ya kukujibu, na ninakuheshimu sana.

Usishindane nao kwa sauti, utaipoteza kabla shule haijafunga. Piga makofi ya mtindo, pa, pa, papapa, na wao warudie. Wa mbele watasikia watarudia, wa nyuma watawasikia wa mbele, ukifika mara ya tatu darasa zima lina mapigo mamoja na midomo imefunga yenyewe. Badilisha mtindo kila siku ili wawe na hamu ya kusikiliza. Wazoeshe wiki nzima bila kitu kingine, usiharakishe.

Fujo ya nyimbo inatokana na wote kufanya kitu kimoja kwa nguvu zote. Wagawe. Kundi la dirishani makofi, la katikati miguu, la mlangoni linaitikia, mtoto mmoja anaimbisha, kesho mwingine, na huyo muimbishaji usichague wale wachangamfu tu, mchukue na yule anayejificha nyuma ya mwenzake. Alafu kuna ule mchezo wa kuganda, mnaimba mnacheza, ukinyanyua mkono wote wanaganda kama miti, hata aliyenyanyua mguu. Kwao ni kicheko, kwako ni mafunzo ya kujizuia, na mtoto anayeweza kuganda kwenye wimbo baadaye anaweza kusubiri zamu yake ya uji.

Foleni ya uji imbeni hivi, wewe unauliza na mtoto anajibu kwa kutaja wenzake:

Mbele yangu nani? Mbele yangu Juma!
Nyuma yangu nani? Nyuma yangu Rehema!

Kila mtoto anatajwa jina. Kwenye watu 73 kuna mtoto anaweza kumaliza wiki hajaitwa jina lake na mtu yeyote, hilo lifikirie.

Kuhusu ugomvi, mwaka 2010 kule Leipzig, Ujerumani, watafiti walicheza na watoto 96 wa miaka minne, wawili wawili. Jozi nyingine waliimba na kucheza pamoja, nyingine walicheza mchezo ule ule bila muziki. Baadaye mmoja akimwagikiwa gololi, waliokuwa wameimba pamoja ndio waliokuwa wepesi kumsaidia mwenzao. Kwa hiyo wale wawili wako wanaogombana kila siku wape wimbo mmoja wauimbishe pamoja, uangalie.

Vifaa unavyo bila kujua. Chupa za maji zilizotupwa, maharage vijiko viwili ndani, kifuniko ukikaze kwa gundi kabisa, hapo usifanye mzaha, punje ikitoka inaingia puani au kooni, na wadogo zao chini ya miaka mitatu wasizipeleke midomoni. Fito mbili za kugongesha. Ndoo mbovu ikigeuzwa ni ngoma. Waambie wazazi kila mtoto aje na chupa moja, Ijumaa muwe mnazijaza pamoja, mnahesabu punje, kumi kwenye hii, ishirini kwenye hii, mnazitikisa mnasikiliza ipi ina sauti nzito.

SWALI: Assalaam alaykum Mwalimu. Mume wangu hataki ala wala nyimbo za redioni ndani ya nyumba. Mtoto wetu ana miaka mitano, kila anachokiona anakigonga, bakuli, meza, mlango, naye baba yake anamkaripia. Naogopa mtoto atakosa haya mnayoyasema. (Mama, Wete, Pemba)

JIBU: Waalaykum salaam. Hatakosa kitu mwanangu na usigombane na mumeo kwa ajili yangu. Karibu kila nilichoandika hapa kinafanyika kwa mdomo na viganja tu. Na huyo mtoto anaupata muziki wa sauti kila siku chuoni, yaani madrasa, anavyosoma herufi kwa mahadhi na wenzake kumi wanamfuata, umewahi kuona wanavyoyumba wote pamoja? Kasida za maulidi nazo, mashairi, vitendawili vya usiku, vyote hivyo vina mapigo. Mfundishe kupiga silabi magotini, muhesabu ngazi kwa mahadhi, muulizane huu hapa hili hapa wakati wa kuoga.

Kuhusu kugonga, muulize baba yake mwenyewe mpaka wake uko wapi, muulize kwa upole jioni akiwa ametulia, maana waume wengine ala hawataki lakini dufu hawana neno nalo, wengine hata dufu hapana ila makofi sawa. Ukishajua, mwonyeshe mtoto pa kugonga ni wapi na saa ngapi. Bakuli la plastiki, uani, baada ya alasiri, baba akiwa hajarudi au akiwa amekubali akae hapo amsikilize.